Swali la lugha: Dau linapofutwa

Swali: Katika makala ya uchumi ninayoitafsiri nilikuta sentensi "If the talks fail, all bets are off", nami nikaandika "Mazungumzo yakishindikana, madau yote yamezimwa". Mhariri ameikataa. Nimekosea wapi?

Jibu: Mhariri amefanya sawa, ingawa kosa la kuzima ni dogo: neno "off" hapa halihusiani na taa, bali lina maana ya kufutwa, kama mechi inavyofutwa. Katika kamari, tukio lililowekewa dau lisipofanyika, tuseme mbio za farasi zimefutwa, dau hubatilika na kila mtu hurudishiwa fedha zake, pasiwe na mshindi wala mshinde. Huko ndiko usemi ulikotoka.

Hata hivyo, ungeandika "madau yote yamefutwa" sarufi ingekaa sawa na msomaji bado asiambulie kitu, kwa sababu katika Kiswahili dau kwa kawaida huwekwa na hupandishwa: klabu inayomtaka mchezaji huongeza dau, na mnunuzi mnadani vivyo hivyo. (Lile dau la mnyonge lisilokwenda joshi ni chombo cha baharini, tuliache lipite.)

Basi liache dau, ujiulize ni kitu gani kilichobatilika. Kikiwa ni utabiri, kama ilivyo katika sentensi yako, mimi ningeandika "Mazungumzo yakivunjika, lolote laweza kutokea". Kikiwa ni ahadi, maana hugeuka: fundi anayeutumia usemi huu kumwonya mteja asicheleweshe vifaa hatabiri chochote, bali anajivua mapema wajibu wa kumaliza kazi siku waliyokubaliana. Huyo kwa Kiswahili angesema "Ukichelewesha vifaa, tusilaumiane", neno moja lenye onyo na kujitoa ndani yake, nami nalipenda kuliko "makubaliano yetu yatakuwa yamebatilika", ambayo ni lugha ya mkataba. Ila usilipeleke kwenye makala yako, kwa kuwa "tusilaumiane" huhitaji watu wawili wanaotazamana.

Wapo wanaotafsiri kwa "pata potea", na hao siwaungi mkono. Anayecheza pata potea yumo mchezoni na anajua aweza kupata au kukosa, ilhali usemi huu unatangaza kwamba mchezo wenyewe umevunjwa.