Matabisi kwa motari na mtu wa chukudu hapa Goma

Jambo dada. Umeuliza kama motari, yule dereva wa pikipiki ya abiria, na mtu wa chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, wapewe matabisi, yaani kitu juu ya bei, na lini. Kwanza angalia kama mlipatana bei kabla. Motari mkishapatana, basi. Mimi simwongezei, isipokuwa mvua imetunyeshea wote wawili. Wa chukudu ni tofauti kabisa. Juzi mmoja alinisukumia magunia mawili ya makala (mkaa) kutoka Birere mpaka Majengo, juu ya mawe ya volkano, shati limemganda mgongoni, halafu akayapanga mwenyewe jikoni. Huyo nilimpa matabisi mkononi, mzigo ukiwa umeshashuka. Ukitoa mapema, inahesabiwa ndani ya bei. Sokoni ni kinyume: matabisi unaomba wewe, mama akuongezee konzi ya maharagi juu ya kipimo.