Wasomaji Wanauliza: Ukungu kwenye Sani, nyundo ya Thor na mnyama wa Tendaguru

Barua za safari hii ni za Kusini tupu. Tumezifupisha, ubishi wake tumeuacha kama ulivyo.

Nina boksi zima la magazeti ya katuni ya zamani, Sani na Kingo. Kila masika zinaota ukungu mweupe, pini zimeshika kutu na kurasa zimekuwa za kahawia. Naambiwa nizianike juani. Ni sawa? – Msomaji, Shangani, Mtwara

Juani hapana, ndugu. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa, na ndani yake hubaki kitu kiitwacho ligini. Ligini ikipigwa na mwanga na hewa hugeuka kahawia, na karatasi inaanza kuvunjika ukiikunja. Rangi hiyo hairudi tena. Unachoweza ni kuichelewesha tu.

Ukungu huota unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hadi 70, na mji wa pwani kama Mtwara huvuka hapo bila shida. Basi anza kwa kukausha: zisimamishe kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimeachana kidogo, siku isiyo na mvua. Ukungu ukishakuwa unga mkavu, ufagie kwa brashi laini ya rangi, nje ya nyumba, ukiwa umevaa barakoa. Kitambaa chenye maji kinausukuma ndani ya karatasi, na doa linabaki moja kwa moja.

Pini nyanyua miguu yake kwa kisu butu kwanza, ndipo uitoe upande wa mgongo. Ukiivuta hivihivi, kutu imeshashikana na karatasi, itaondoka nayo. Tumia matundu yaleyale kushona kwa uzi wa pamba. Selotepu iweke mbali kabisa: gundi yake ikizeeka huacha doa la njano lisilotoka. Palipochanika paziba kwa kipande cha karatasi nyembamba na uji mzito wa wanga wa ngano, kisha kandamiza kwa kitabu kizito hadi pakauke.

Ukiona matundu ya wadudu, tia nakala kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, ziba vizuri, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Ukiutoa mfuko usiufungue hadi kesho yake. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: mfuko ukifunguliwa ungali baridi, mvuke wa hewani unageuka maji juu ya kurasa.

Mwisho, ndoo ya plastiki yenye mfuniko inafaa, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya (kimoja hakitoshi, kusanya vingi). Lakini usifunike kitu chenye unyevu, maana utakuwa umepanda shamba la ukungu. Ndoo ikae sentimita 15 hivi juu ya sakafu, mbali na ukuta wa nje. Naftalini ni ya wadudu, ukungu hauijali.

Mdogo wangu anadai ukishatazama filamu za Thor umezijua hadithi za kale za Skandinavia. Tulibishana mpaka kibanda umiza kikafungwa. – Msomaji, Masasi

Mdogo wako anaijua Marvel, kampuni ya katuni iliyomzaa Thor wa filamu, na hilo si dogo. Thor wa katuni alizaliwa mwaka 1962, mikononi mwa Stan Lee, Larry Lieber na Jack Kirby. Thor wa kale, mungu wa radi, tunamjua zaidi kutoka maandishi ya Aislandi ya karne ya 13, hasa ya Snorri Sturluson. Huyo ana ndevu nyekundu, anapanda gari linalovutwa na mbuzi wawili, na akishikwa na njaa anawachinja mbuzi haohao, anawala, kisha anawafufua kutoka kwenye mifupa.

Nyundo yake ina mpini mfupi, na sababu ni Loki, mungu mwenye hila. Nyundo ilipokuwa ikifuliwa, alijigeuza nzi akamng'ata kope yule aliyekuwa akivukuta mivuo. Jamaa akaacha kidogo kujifuta damu, na kazi ikatoka na kasoro. Habari ya kwamba nyundo huinuliwa na anayestahili tu ni ya katuni. Thor wa kale alihitaji glavu za chuma na mkanda wa nguvu. Tena Loki si mtoto wa kulelewa wa Odin, baba yake Thor: wawili hao walichanjiana damu wakawa ndugu. Na Hel, anayetawala wafu, ni binti wa Loki, ilhali filamu inamfanya binti wa Odin.

Nataka kuchora kisa cha asili ya Wamakonde, kitabu cha kurasa 8. Nakipangaje, na nakibanaje? – Msomaji, Newala

Kisa kilichoandikwa na Mjerumani Karl Weule mwaka 1906 kinakupa mifupa yote. Mtu asiyeoga wala kunyoa anatoka porini, Mahuta. Anachonga sanamu ya mti, anaisimamisha, usiku inakuwa mwanamke. Mtoto wa kwanza anazaliwa mfu kando ya Ruvuma, wa pili vivyo hivyo bonde la Mbwemkuru, wa tatu anaishi baada ya kurudi Mahuta, huko juu nyandani. Ndiyo asili ya agizo la kukaa mbali na mabonde.

Kurasa 8 za A5 ni karatasi 2 za A4 zilizokunjwa katikati. Karatasi ya nje inabeba kurasa 8 na 1, nyuma yake 2 na 7. Ya ndani inabeba 6 na 3, nyuma yake 4 na 5. Sanamu isimame chini ya ukurasa wa 3, macho yafunguke juu ya ukurasa wa 4, ili msomaji afunue ndipo ashtuke. Ukiyaweka kwenye 2 na 3 yanaonekana kwa pamoja, umeshaua kisa.

Andika maneno kwanza, ndipo uchore kiputo kuyazunguka; kinyume chake maneno yatabanana. Acha milimita 5 kati ya picha na picha, na milimita 10 pembezoni, kwa sababu mashine ya kutoa kopi haifiki ukingoni. Penseli haitoki vizuri, pitishia kalamu nyeusi. Stepla ya ofisini haifiki kwenye mkunjo: toboa kwa sindano, shona kwa uzi.

Refa alinyanyua mkono akahesabu kwa vidole, kipa kashika mpira, kisha akatoa kona! – Msomaji, Ruangwa

Yuko sahihi. Tangu Julai 2025 kipa akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde 8, adhabu ni kona, upande uliokuwa karibu naye. Sekunde 5 za mwisho refa anazionyesha kwa vidole.

Katika katuni yangu mnyama wa Tendaguru anakimbiza watu awale. Nimchore mkubwa kiasi gani? – Msomaji, Lindi mjini

Mnyama huyo ni dinosaria aitwaye Giraffatitan. Mifupa yake iliyochimbwa kwenye kilima cha Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, iliyosimamishwa Berlin, ina urefu wa mita 13.27 kwenda juu: watu karibu 8 wakisimamiana vichwani. Miguu iwe wima, mkia usiburute chini. Kuhusu kula watu, Giraffatitan alikuwa mla majani. Mpe sababu nyingine ya kukimbia.