Saa 20 za mafunzo ya unyonyeshaji zinatosha?

Sista, pole na kazi. Umeuliza kama kozi ya saa 20 inamtosha muuguzi wa wodi ya wazazi huko Kongwa. Kwa kuanzia, inatosha, ila kwa sharti moja: uwe umeshika kazi kwa mikono. Hiyo ni kozi ya WHO na UNICEF ya hospitali rafiki kwa mtoto, yaani zinazomsaidia mama kunyonyesha, na toleo la 2020 linapima unachoweza kufanya kuliko saa ulizokaa kitini. Wakikufundisha kwa slaidi tupu halafu chai na posho, hujapata kitu.

Dai muda wa kukaa na mama. Mtoto amefungua mdomo wazi? Kidevu kimegusa titi? Mdomo wa chini umebinuka nje? Weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu kuliko chini? Mama wengi wenye vidonda vya chuchu hawahitaji dawa kwanza, wanahitaji mtoto apakatwe upya. Jifunze pia kukamua kwa mkono na kumlisha njiti kwa kikombe, maana umeme ukikatika pampu ya umeme haina msaada.

Kabla hujalipa, uliza kama Baraza la Uuguzi na Ukunga litazitambua pointi zake unapohuisha leseni. Ule mtihani wa kimataifa wa washauri wa unyonyeshaji, IBCLC, unadai mamia ya saa za kusaidia wanaonyonyesha, na cheti chake huhuishwa kila miaka 5. Huo usikuumize kichwa kwa sasa.