Pangani–Nungwi mwezi wa saba kwa faiba: USIONDOKE SAA NANE MCHANA

Mkuu, usiondoke saa nane. Nauli, pikipiki, gesti za Nungwi, hayo tutayafikia. Umeandika mwenyewe kwamba Jumamosi mchana unatoka Pangani na bi mkubwa kwenda Nungwi, Unguja, kwa faiba, hii boti ndogo ya fiberglass, simu inaonyesha jua, nyuzi 27, mvua hakuna, "kwa hiyo bahari itakuwa shwari". Hiyo "kwa hiyo" yako ndiyo iliyonilia mashine ya kuchapa fulana.

Nani aliwadanganya watu kwamba bahari inachafuliwa na mvua? Julai ni Kusi, ule upepo wa msimu wa kutoka kusini. Kipupwe hiki, mgandamizo wa hewa unapanda kule upande wa Mauritius na Réunion, upepo unasukumwa kuja kwetu, unapita pwani hii yote kuelekea Somalia mpaka India. Masika imeshaisha, anga ni safi, na bahari imevurugika hivyo hivyo chini ya jua kali. Alfajiri umande, yaani upepo wa kutoka bara, unaipunguza Kusi makali huku karibu na nchi kavu. Jua likishaipasha ardhi, upepo wa baharini unajumlishwa juu ya Kusi, na huo mchana unaoutaka wewe ndio wakati wake wa kutamba.

Mimi nilikuwa nahamishia biashara Nungwi. Marobota ya fulana nyeupe na mashine mpya, bado iko kwenye boksi. Jamaa yangu akanirushia picha ya Kendwa, pale jirani na Nungwi, maji yametulia mpaka unaona mchanga chini. Nikasema basi, twende. Kumbe Kendwa imetazama magharibi, kisiwa chenyewe kinaikinga na Kusi! Picha ingepigwa Paje, upande wa mashariki, siku hiyo hiyo ningeona wazungu wanarushwa hewani na yale matiara yao, na ningebaki nyumbani.

Halafu dalali. Huyu sitamsamehe. "Bosi, angalia juu, wingu hata moja hakuna." Akachukua hela, na yeye hakupanda. Alibaki ufukweni anakula muhogo wa kukaanga, anatupungia mkono.

Tulitoka maji yakikupwa, tena siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Pale mdomoni mto unatoka kwa nguvu, mawimbi yanaingia, na fungu la mchanga liko hapo hapo. Wimbi halilali, linasimama wima. Tuliloa kabla hata hatujaiacha Pangani, na mimi mjinga nikawa nacheka, narekodi video.

Katikati huko bara imebaki mstari, Unguja haijaonekana bado kwa sababu ni kisiwa cha chini. Kusi inakupiga kutoka kulia, faiba inapanda, inaachiwa, puu! Inapanda tena. Kila omo, yaani mbele ya boti, ikizama, nyuma rafadha inayosukuma boti inatoka majini na injini inapiga kelele hewani. Injini ni moja, nadhani unanielewa. Tulikuwa tunafua maji kwa dumu lililokatwa. Ikafika mahali nahodha hakuniangalia hata usoni, akamwambia baharia wake, "Punguza mzigo." Boksi nilikuwa nimelifunga mwenyewe kwa kamba ya katani, mafundo ya uhakika. Yule kijana hakuhangaika kufungua, alitoa kisu. Likaelea kidogo, maandishi yakiwa juu, THIS SIDE UP, likaondoka. Marobota yakafuata. Siku hizi pweza wa mkondo ule ndio wanaochapa fulana, mimi nimewaachia soko. Nilipomrudia dalali kudai angalau nauli, akanijibu bahari ni ya Mungu.

Msinijibu kwamba faiba za kisasa ni imara. MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, mchana, Kusi hii hii, na ile ilikuwa meli ya mamia ya abiria.

Sasa shika hili moja tu: kipupwe, saa nne asubuhi ikikukuta bado uko Pangani, safari ya siku hiyo imekufa. Unalala. Uondoke kumi na moja alfajiri, nahodha asipotaka tafuta mwingine. Na hiyo alama ya jua kwenye simu achana nayo, fungua upepo na mawimbi. Ikiandika noti 20 (knots, kipimo cha kasi baharini), hiyo ni kama kilomita 37 kwa saa. TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakitoa lile tangazo lao la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, hata hiyo alfajiri usiondoke. Watu wanalicheka kwa sababu wanalisoma wamekaa kwenye kochi. Urefu wa mawimbi unaotabiriwa ni wastani wa ile theluthi ya mawimbi iliyo kubwa kuliko mengine, kwa hiyo moja moja linaweza kufika karibu mara mbili yake. Ukingo wa faiba yako unafika wapi, kiunoni?

Na bi mkubwa: jua la nyuzi 27 akiwa ameloa chapachapa kwenye upepo ule atatetemeka. Mchukulie koti la mvua na jaketi la kuokolea analolivaa tangu ufukweni, lisiwe limekaliwa na mtu chini ya benchi.

Pikipiki yako isiende na faiba. Ukiwa na haraka ya hiyo Jumamosi, pandeni basi mpaka Dar, chukueni boti kubwa ya asubuhi, pikipiki itafuata na meli ya mizigo.