Kipaumbele cha Uzi Kifuate Muda, Kisifuate Umuhimu

Kidhibiti cha kwanza cha pampu ya maji nilichokiandikia programu kilikuwa na nyuzi nne, yaani kazi nne za programu zinazopokezana kichakataji kimoja, juu ya FreeRTOS, mfumo mdogo unaogawa muda wa kichakataji kwa kufuata kipaumbele cha kila uzi: mmoja ulisoma mgandamizo wa maji kila baada ya milisekunde 10, wa pili uliendesha skrini, wa tatu uliandika kumbukumbu kwenye kadi, na wa nne ulituma taarifa kupitia mtandao wa simu. Kwa kuwa mwenye pampu alisisitiza kwamba taarifa zile ndizo alizozihitaji kuliko kitu kingine, niliupa uzi wa kutuma kipaumbele cha juu kabisa, na hapo ndipo nilipokosea.

Uzi huo ulikuwa ukiiuliza modemu mfululizo kama imeshajibu, bila kulala hata kidogo. Mtandao ulipokuwa dhaifu, kichakataji kilibaki mikononi mwake, na uzi wa mgandamizo, ambao ndio uliopaswa kuizima pampu bomba likizidiwa, haukupata nafasi. Niligundua hilo nilipoufanya uzi wa mgandamizo uwashe pini moja kila unapoanza kazi na kuizima unapomaliza, kisha nikaiunganisha pini hiyo na osiloskopu, kifaa kinachoonyesha mabadiliko ya umeme kama mchoro. Badala ya vijimstari vilivyopangana kwa nafasi sawa, niliona pengo refu lililokaribia theluthi moja ya sekunde.

Taarifa ikichelewa sekunde mbili, hakuna kinachoharibika. Usomaji wa mgandamizo ukichelewa kiasi hicho, bomba linaweza kupasuka. Kwa hiyo ninakushauri, kabla ya kuandika namba yoyote ya kipaumbele, ujiulize kila uzi unaweza kuchelewa kwa muda gani, kisha uupe kipaumbele cha juu ule wenye muda mfupi zaidi, hata kama kazi yake inaonekana ndogo. Watafiti wa kompyuta Liu na Layland walionyesha mwaka 1973 kwamba nyuzi zinazojirudia kwa vipindi maalumu, zisizotegemeana, zikipangwa hivyo kwa kufuata ufupi wa vipindi vyao, zote zitawahi mradi jumla ya matumizi ya kichakataji isizidi takriban asilimia 69. Uzi unaotumia milisekunde 2 katika kila 10, mwingine 10 katika kila 50 na wa tatu 40 katika kila 200, kwa pamoja hutumia asilimia 60, na hapo unaweza kutulia.

Angalia pia mwelekeo wa namba, maana katika FreeRTOS namba kubwa ndiyo yenye kipaumbele cha juu, ilhali katika VxWorks, mfumo mwingine wa aina hiyo, 0 ndiyo ya juu na 255 ya chini kabisa.

Baada ya kupanga upya, hitilafu haikuisha yote. Kitambuzi cha mgandamizo na kadi vilitumia njia moja ya mawasiliano, nami nilikuwa nimeilinda kwa semafori ya kawaida ya thamani mbili, yaani alama ya programu inayoruhusu uzi mmoja tu kuitumia njia hiyo kwa wakati mmoja. Uzi wa kadi, wenye kipaumbele cha chini, ulipoishika njia hiyo, uzi wa skrini uliingia katikati na kuusimamisha, huku uzi wa mgandamizo ukiisubiri njia ambayo aliyeishika hakuwa na nafasi ya kuiachia. Hicho ndicho kilichokifanya chombo cha Mars Pathfinder, kilichotua Mirihi tarehe 4 Julai 1997, kijiwashe upya mara kwa mara: uzi wa hali ya hewa ulikuwa umeshika kufuli lililohitajiwa na uzi wa juu, na nyuzi za kati zikauzuia usimalize. Wahandisi waliponya tatizo hilo kutoka duniani kwa kuwezesha urithi wa kipaumbele, ambao humpandisha kwa muda aliyeshika kufuli hadi daraja la anayemsubiri.

Katika FreeRTOS, urithi huo umo kwenye myuteksi, aina ya kufuli ambalo uzi ulioshika ndio unaopaswa kuliachia, haumo kwenye semafori ya thamani mbili. Nilibadilisha mstari mmoja tu wa programu, nikarudi kwenye osiloskopu, na vijimstari vikapangana. Pini ile ya kupimia sijaiondoa mpaka leo, na katika kila kidhibiti kipya huwa naitengea moja tangu mwanzo.