Kuifundisha Simu ya Intaneti Ipige Kama Tulivyozoea Nyumbani

Mama alipokuja kukaa nasi hapa Columbus, Ohio, kilichomsumbua kuliko baridi kilikuwa simu ya mezani. Simu yetu hupitia kwenye intaneti kwa adapta ndogo iliyounganishwa na rauta, na ili ampate mdogo wake aliyeko Muheza ilimpasa abonyeze 011 ya kupigia nje ya Marekani, kisha 255 ya Tanzania, kisha tarakimu 9 za namba yenyewe bila ile sifuri ya mwanzo, yaani tarakimu 15 kwa jumla. Daftari lake lina namba zilizoandikwa kama zinavyopigwa Tanzania, zikianza na 06 au 07. Siku moja nilisimama nyuma yake nikamwona akisoma tarakimu tatu tatu, akibonyeza, akirekebisha miwani. Alipofika tarakimu ya 12 akatua kutafuta mstari, na papo hapo adapta ikaipeleka namba ikiwa haijakamilika. Sauti ya Kiingereza ikajibu kwamba namba hiyo haipo. "Mwanangu, hawa wamebadilisha namba," aliniambia, akaurudisha mkonga mahali pake.

Hawakuwa wamebadilisha namba. Adapta ya simu haijui namba imefikia mwisho mpaka ielezwe, kwa hiyo hukisia kwa kutazama saa. Katika adapta za ukoo wa Sipura, ambazo baadaye zilitolewa kwa majina ya Linksys na Cisco, mpangilio wa kawaida ni kusubiri sekunde 10 kama tarakimu zilizobonyezwa bado hazijalingana na namba yoyote iliyoelezwa, na sekunde 3 kama zimelingana lakini huenda nyingine zinafuata. Anayebonyeza haraka husubiri bila sababu, na anayebonyeza polepole hukatizwa. Kubonyeza alama ya reli (#) mwishoni humaliza kusubiri, lakini hakumsaidii aliyetua katikati, na mimi sikutaka kumwongezea mama jambo jingine la kukumbuka.

Dawa yake ni mpango wa upigaji, mstari mmoja wa maandishi unaoieleza adapta sura ya kila namba inayopigwa nyumbani. Kwenye SPA112, adapta ya Cisco tunayoitumia, kwa mfano, unabonyeza nyota nne kisha 110 na alama ya reli, unasomewa anwani ya IP, yaani namba ya adapta kwenye mtandao wa nyumbani, unaiandika kwenye kivinjari cha kompyuta, kisha unafungua ukurasa wa sauti na ule wa laini ya kwanza, ambako mpango huo uko karibu na mwisho. Kabla ya kugusa chochote, nakili mstari uliopo na kuuhifadhi. Mtoa huduma akiwa ameifunga adapta kwa neno la siri lake, mwombe akuwekee kanuni unazozitaka, kwa sababu hutaweza kuzibadilisha mwenyewe.

Wetu sasa unasomeka hivi:

(911S0|988S0|933|*xx|<0:011255>[267]xxxxxxxxS0|<:1614>[2-9]xxxxxx|<:1>[2-9]xx[2-9]xxxxxxS0|1xxx[2-9]xxxxxxS0|011xxxxxxxxxxxx.)

911 ni namba ya dharura ya Marekani, na 988 ni ya msaada kwa mwenye mawazo ya kujiua. Herufi x ni tarakimu yoyote, mabano ya mraba hutaka tarakimu mojawapo kati ya zilizomo, mstari wima hutenganisha kanuni, na S0 huamuru namba ipelekwe mara tu inapotimia. Kipande ninachokipenda ni kile chenye 011255: mtu akianza na sifuri ikifuatwa na 2, 6 au 7, adapta huiondoa sifuri hiyo, huweka 011255 mahali pake, hungoja tarakimu zilizobaki, kisha hupiga bila kuchelewa. Mama anabonyeza tarakimu 10 kama zilivyo daftarini, iwe ni simu ya mkononi au ya mezani ya Dar es Salaam inayoanza na 022. Kanuni yenye 1614 huongeza msimbo wa eneo letu kwa namba za hapa za tarakimu 7. Hizo bado husubiri sekunde 3, kwa kuwa adapta haiwezi kujua kama unakusudia 7 au 10.

Jirani yetu wa Mombasa aliinakili kanuni yangu akabadilisha 255 kuwa 254, na hapo ndipo tulipogundua mgongano. Kenya sasa ina namba za simu za mkononi zinazoanza na 010 na 011, na hizo za 011 zinafanana kabisa na mwanzo wa upigaji wa kimataifa kutoka Marekani. Yeye tulimwekea <**0:011254>[17]xxxxxxxxS0, hivyo hubonyeza nyota mbili kisha namba kama ilivyo Kenya.

Kwa 911 nakusihi usifanye mzaha. Bila S0, namba hiyo inaweza kusubiri sekunde 3 nzima kwa sababu adapta huidhania kuwa mwanzo wa namba ya tarakimu 7. Usiipige 911 kwa majaribio. Baadhi ya watoa huduma wana 933, inayokusomea anwani iliyosajiliwa ambako msaada utatumwa. Sisi tulipoipiga tulisomewa anwani ya nyumba tuliyokwisha kuhama, tukairekebisha jioni ileile.

SPA112 ina matundu mawili ya simu, na la pili tulilipeleka chumbani kwa mama, ingawa lilihitaji akaunti yake kwa mtoa huduma. Mpango wake ni uleule, ila mwanzoni una P5<:011255…> pamoja na namba ya mdogo wake. Akiinua mkonga na kukaa sekunde 5 bila kubonyeza kitu, Muheza inaita yenyewe. Akianza kubonyeza, anapiga anakotaka, 911 ikiwemo. Tulichomfundisha ni kuurudisha mkonga vizuri tu, kwa sababu saa mbili usiku ya Columbus wakati wa kiangazi ni saa tisa usiku kule kwao.