FSH 61 nikiwa na miaka 37: nikirudi kwa daktari niulize nini?

Swali

Nina miaka 37, naishi Morogoro, nina mtoto mmoja wa miaka 9. Hedhi ilianza kuruka mwaka jana na sasa ni miezi saba sijaiona kabisa. Napandwa na joto la ghafla, usiku naamka shuka limelowa jasho, na tendo la ndoa limekuwa la maumivu. Nilipimwa FSH ikaja 61, baada ya wiki sita ikaja 57. Mimba sina. Daktari akasema nimefunga hedhi mapema, hakuna la kufanya, akaniandikia vitamini. Mimi na mume wangu tulitaka mtoto wa pili. Tena nasikia dawa za homoni zinaleta saratani. Je, majibu haya ni ya uhakika? Na nikirudi kwa daktari nimuulize nini?

Jibu

Pole sana, dada. Majibu ni ya uhakika. Ila lile neno "hakuna la kufanya" halimfai mwanamke wa miaka 37, na ndilo litakalokurudisha hospitali.

FSH ni homoni inayotolewa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo ili kuziamsha ovari zikuze mayai na kutoa estrojeni, homoni ya kike. Ovari zikilegea, tezi huzidi kuitoa. Kwa mwanamke aliye chini ya miaka 40 ambaye hedhi imepotea au kuvurugika kwa miezi 4 au zaidi, FSH inayozidi 25 inaonyesha kwamba ovari zimepungukiwa nguvu kabla ya wakati. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2024 unaridhika hata na kipimo kimoja, na kinarudiwa baada ya wiki 4 hadi 6 pale penye shaka. Wewe unavyo viwili, na vyote vimeuacha mpaka huo mbali. Usihangaike kama karatasi moja imeandikwa IU/L na nyingine mIU/mL. Namba ni ileile.

Kuna vitu vinavyoweza kuharibu kipimo hiki, na ni vizuri uvitaje hata kama hukuulizwa. Vidonge vya majira huishusha FSH, kwa hiyo huachwa wiki kadhaa kabla ya kupima. Vidonge vya biotini, vile vinavyouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, huidanganya mashine ya maabara na mara nyingi FSH huonekana ndogo kuliko ilivyo. Viache siku mbili tatu kabla ya kutoa damu. Sindano ya miezi mitatu huzuia hedhi, na ukishaiacha hedhi inaweza kuchelewa karibu mwaka mzima, lakini haiwezi kupandisha FSH hadi 60.

Namba hiyo inaonyesha pia tatizo liko wapi. Mwanamke aliyepoteza hedhi baada ya kutokwa damu nyingi sana wakati wa kujifungua huwa na FSH ndogo au ya kawaida, kwa sababu kilichoumia ni ile tezi ya chini ya ubongo. Aliyepata makovu ndani ya mfuko wa uzazi baada ya kusafishwa kizazi, au kwa sababu ya kifua kikuu cha kizazi, naye FSH yake huwa ya kawaida. Yako iko juu, kwa hiyo shida ni ya ovari zenyewe. Basi zile dawa za "kusafisha kizazi ili hedhi irudi" zinazotangazwa kwenye simu hazina pa kushika.

Kwa nini vitamini peke yake haitoshi

Wanawake wengi hufunga hedhi karibu na miaka 50. Wewe una pengo la miaka 13 hivi bila estrojeni, na pengo hilo haliishii kwenye joto na jasho. Mifupa huanza kupoteza uzito mapema, hatari ya ugonjwa wa moyo huongezeka, na ukavu wa uke unaofanya tendo la ndoa liume huzidi mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo kwako homoni ni kurudishiwa kile ambacho mwili ulipaswa kuwa nacho, mpaka ufike umri wa kawaida wa kufunga hedhi, miaka 50 au 51. Hata usiposikia joto kabisa, bado unazihitaji.

Habari ya saratani ilitokana hasa na utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002. Walioshiriki walikuwa na miaka 50 hadi 79, kwa wastani 63. Waliotumia estrojeni pamoja na projestini (projesteroni ya kutengenezwa) walipata saratani ya matiti zaidi kidogo: ongezeko la wanawake kama 8 kwa kila 10,000 kwa mwaka. Hao walikuwa wanaongezewa homoni baada ya umri wake kupita. Mwenzako wa miaka 37 ambaye ovari zake zinafanya kazi ana estrojeni hiyo mwilini kila siku bila dawa yoyote, na wewe unarudishwa kwenye kiwango chake. Kuichukua hofu ya mama wa miaka 63 na kukuvisha wewe ndiko kunakowafanya wanawake wa rika lako wabaki bila tiba.

Wapo ambao kweli hawapewi, au hupewa kwa uangalifu maalumu: aliyewahi kuugua saratani ya matiti, anayetokwa damu ukeni bila sababu kujulikana, mwenye ugonjwa mkali wa ini. Aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, mwenye presha, au mwenye kipandauso kinachotanguliwa na mwanga machoni, hufaa zaidi plasta au jeli ya kwenye ngozi kuliko kidonge. Ukiwa mmojawapo, lisiwe la kusahau chumbani kwa daktari.

Dawa yenyewe na viwango vyake

Hapa makosa ni mengi. Kiwango anachopewa mama wa miaka 55 ili joto limtulie, mathalani estradioli (aina ya estrojeni) miligramu 1, kwako ni kidogo. Kwa umri wako huanzia miligramu 2 kwa siku kwa kidonge, au plasta ya maikrogramu 75 hadi 100.

Kwa kuwa kizazi unacho, estrojeni haipewi peke yake. Ikipewa peke yake, ukuta wa ndani wa kizazi hunenepa na baada ya muda unaweza kugeuka saratani. Lazima iwepo projesteroni, homoni inayoulinda ukuta huo: miligramu 200 kila usiku kwa siku 12 hadi 14 za kila mwezi, au medroksiprojesteroni miligramu 10 kwa siku hizohizo. Ukimaliza siku hizo utaona damu kama ya hedhi. Hiyo ni kawaida na haimaanishi kwamba ovari zimeamka. Projesteroni inaleta usingizi, ndiyo maana humezwa wakati wa kulala. Chapa nyingine zina mafuta ya karanga, soma boksi kama karanga zinakudhuru.

Shida ya kwetu ni upatikanaji. Plasta na jeli ni adimu, na estradioli ya vidonge haipatikani katika kila duka la dawa. Ukiikosa, kuna njia ya pili inayokubalika: vidonge vya majira vyenye homoni mbili, ambavyo vipo hata kwenye zahanati nyingi. Pimwa presha kwanza. Ikiwa juu, au ukiwa unavuta sigara, havikufai. Angalia pia pakiti yake: vidonge 21 vina homoni, na 7 vya mwisho mara nyingi ni vya madini ya chuma tu. Ukizimeza hizo 7 kila mwezi, wiki moja kati ya nne unabaki bila estrojeni. Joto linarudi na mifupa haipati kitu. Muulize daktari kuhusu kuziruka na kuanza pakiti mpya moja kwa moja. Kumbuka tu kwamba vidonge hivi vinazuia mimba, jambo ambalo wewe hulitaki, kwa hiyo estradioli na projesteroni ndiyo chaguo la kwanza kwako.

Kama unatumia dawa nyingine, zitaje kwa majina. Rifampisini ya kifua kikuu, kabamazepini na fenitoini za kifafa, na efavirenzi miongoni mwa dawa za VVU huharakisha ini kuvunja homoni, na hapo unaweza kumeza kila siku usipate nafuu.

Kwa ukavu wa uke, vilainishi vya maji husaidia wakati wa tendo, na ipo estrojeni ya krimu au kidonge cha kuweka ukeni ikiwa ile ya kumeza haijatosha. Mafuta ya nazi au vaselini msiyatumie pamoja na kondomu, yanaipasua.

Vitamini ulizopewa usizitupe. Mifupa inataka kalsiamu kama miligramu 1,000 kwa siku kutoka kwenye chakula kwanza. Glasi ya maziwa ina kama 300, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni hazina. Mchicha unasifiwa sana, lakini sehemu kubwa ya kalsiamu yake haifyonzwi na mwili. Vidonge vya kalsiamu visizidi miligramu 500 kwa mara moja, na usivimeze pamoja na vya damu.

Siku ya kurudi hospitali

Omba kumwona daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Kwako hiyo ni hospitali ya mkoa au ya rufaa. Beba majibu yote mawili ya FSH, tarehe ya hedhi ya mwisho, na maboksi ya dawa zote pamoja na mitishamba. Sema mambo matatu mwanzoni, kabla hajaanza kuandika: "Nina miaka 37, FSH yangu ni 61 na 57. Nataka kujua chanzo. Nataka kujua kama naweza kupewa homoni hadi miaka 50. Na bado natamani mtoto." Bila hilo la tatu, wengi hudhani una mtoto tayari na hawaligusi.

Akisema homoni ni hatari, usibishane. Muulize: "Ni hatari kwangu kwa sababu ipi katika historia yangu?" Ikiwa ipo, ataitaja, na mtazungumza njia nyingine. Akikosa ya kutaja, omba rufaa kwa upole. Kutafuta maoni ya daktari wa pili si utovu wa adabu.

Kuhusu chanzo, wengi hawakipati, lakini vipo vipimo visivyopaswa kurukwa. TSH, kwa sababu tezi ya shingo mara nyingi huugua pamoja na ovari. Kipimo cha kromosomu, na cha jeni iitwayo FMR1. Hivi ni ghali na baadhi ya maabara hupeleka sampuli nje, basi uliza bei na bima kabla ya kutolewa damu. Kingamwili dhidi ya tezi za juu ya figo pia. Kama kipimo hicho hakipo, mwambie daktari mara moja ukianza kukonda, kuishiwa nguvu, kupata kizunguzungu ukisimama, ngozi kuwa nyeusi kuliko kawaida, na kutamani chumvi: tezi hizo zikishindwa, mtu anaweza kufa ghafla. Taja pia upasuaji wowote wa ovari na tiba ya saratani uliyowahi kupata.

Kipimo cha uzito wa mifupa, DEXA, kipo sehemu chache. Kukikosa kusichelewesha dawa. Ukishaanza homoni, rudi baada ya miezi 3, kisha kila mwaka kwa presha na mazungumzo. Hakuna haja ya kulipia FSH tena na tena. Haitumiki kupima kama dawa inafanya kazi. Damu inayotoka ovyo nje ya ratiba baada ya miezi sita, hiyo ndiyo ya kuchunguzwa.

Mtoto wa pili

Ovari zilizolegea katika umri wako hazijafa zote. Huamka kwa vipindi, na kati ya wanawake 100 wenye hali hii, 5 hadi 10 hushika mimba wenyewe. Estradioli na projesteroni za kiwango nilichotaja hazizuii hilo. Ukiikosa damu uliyoizoea au ukaanza kichefuchefu, pima mimba.

Usinunue klomifeni. Inauzwa kwa urahisi na marafiki watakushauri, lakini kazi yake ni kuuchochea ubongo uongeze FSH, na yako imeshafika 60. Njia yenye matokeo bora ni mimba ya maabara kwa yai la mwanamke mwingine. Kliniki zipo Dar es Salaam na Nairobi, gharama yake ni kubwa, na dini na familia zina kauli zao. Nenda na mume wako siku mkizungumzia hilo. Akisikia kwa daktari kwamba hukusababisha wewe, na ndugu zake atakuwa na la kuwajibu.

Una mdogo wako wa kike? Kama katika ukoo yupo mwingine aliyefunga hedhi kabla ya 40, mtoto wa kiume mwenye ulemavu wa akili usiojulikana chanzo, au mzee wa kiume aliyeanza kutetemeka mikono na kuyumba, mweleze daktari, kwa sababu ile jeni ya FMR1 hupita katika familia kwa sura hizo zote. Hapo mdogo wako naye apimwe mapema, kabla hajapanga kusubiri hadi miaka 35 ndipo azae.